Damu Iliyopimwa kwa Jina Langu

Mama zangu, shikamooni. Na nyie kina baba wachache mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, shikamooni pia. Mwenyekiti kaniambia niseme kwa ufupi na nisilete masihara. La ufupi nitajitahidi.

Naanza na ujinga wangu, maana nikiuacha mwisho nitaukimbia. Damu iliyopimwa kwa jina langu haikuwa yangu. Nilimtuma mshikaji wangu akatolewe yeye. Nikamlipa raba zangu za mtumba, zile nyeupe, kisha tukacheka mpaka tukakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mama yake huyo mshikaji yumo humu ndani. Simtaji, na ninamwomba asinitazame hivyo, nitasahau nilipofikia.

Hiki ni kikundi cha kufa na kuzikana, na mie ndiye mtoto mliyekuwa mnajiandaa kumzika. Nadhani ni haki yenu kujua kwa nini nilikuangusheni.

Sie watoto wa Mtoni tumekulia kwenye madimbwi ya kule bondeni. Mnatukatazaga, tunaitikia, tunakwenda. Tangu nasoma darasa la tatu mkojo wangu ulikuwa unamalizikia na damu, na wala sikushtuka, maana wenzangu wote walikuwa hivyo hivyo. Wakubwa wa mtaani walituambia ndiyo dalili ya kuwa mwanamume. Tukawa tunashindana ukutani nani mwekundu zaidi. Samahanini, najua mnakula muda si mrefu. Shuleni walileta vidonge vya kichocho, wakatupanga mstari tumeze mbele ya mwalimu. Mie nilikibana changu chini ya ulimi, nikakitema nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu. Kuku wa mwalimu mkuu hawana kichocho mpaka leo.

Nimefika kidato cha pili, uso ukaanza kuvimba asubuhi. Macho yanakuwa madogo, mashavu yanajaa, ikifika mchana yanashuka. Darasani wakaniita Andazi. Nami nikalipenda jina, nikawa naingia darasani nauliza nani ana chai. Lakini kiuno kilikuwa kinauma, tena si maumivu ya mpira. Mama akaona, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja wa bara, mwembamba, hacheki. Nilimjaribu kwa vichekesho vitatu vizuri. Akaandika tu. Halafu akatuambia anashuku kichocho kimekaa muda mrefu mpaka kimeziba njia ya mkojo, na anataka kupiga picha ya figo. Mama akauliza kama ni eksirei kama ya kifua. Akasema hapana, figo hazionekani kwenye picha ya kawaida. Inabidi mtu achomwe dawa kwenye mshipa, damu iibebe mpaka kwenye figo, ndipo zing'ae. Kisha akanitazama mie, si mama.

"Lakini sikiliza. Dawa hiyo ikishaingia, wa kuitoa ni figo zenyewe. Figo nzima zinaitoa, mambo yanaisha. Figo zilizochoka ukizitwisha mzigo ule zinaweza kulala, na zisiamke. Kwa hiyo sikuchomi mpaka nione damu yako."

Nilimwelewa. Hapa ndipo naombeni msinitetee, mama zangu. Kuna mmoja wenu aliwaambia watu kwamba mtoto hakuelezwa. Nilielezwa. Nilimwelewa neno kwa neno.

Sasa hospitali dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha. Damu ilitakiwa ikapimwe kwenye maabara ya mtu binafsi, ile iliyofunguliwa kando ya barabara ya Kilwa, yenye vioo na kiyoyozi. Mnakumbuka ilivyokuwa. Tumezoea kila kitu ni cha serikali, ghafla mtu mmoja anaweka vioo vya rangi na kiyoyozi, na watu wakaanza kuulizana pesa kazitoa wapi. Mie nikawapa jibu watoto wa kidato cha kwanza. Nikawaambia mle ndani kuna mumiani. Unakalishwa kwenye kiti, kiti kinazama polepole, damu yako inapita kwenye bomba chini ya lami, inajazwa chupa, inauzwa ng'ambo. Nilivyoisimulia hiyo hadithi! Kila siku naongeza kitu. Kuna mtoto alihama njia, akawa anazunguka mbali ili asipite pale.

Siku ya kwenda, mama alikuwa na vitumbua vyake vya kuuza, akanipa karatasi ya daktari na pesa ya kipimo, akaniambia niende moja kwa moja. Nikaenda na mshikaji. Tukafika kwenye mlango wa vioo. Mle ndani kulikuwa na mzee mmoja anaelekea kwenye kiti, kiti cheusi cha kuzunguka. Akakaa.

Kiti kikashuka.

Kilishuka kidogo tu, mama zangu, ndivyo viti vile vilivyo. Lakini mie nilirudi nyuma hatua mbili. Kuchomwa sindano ya kuingiziwa kitu siogopi, nimechomwa nyingi. Kutolewa ndiko kulikonishinda. Uongo nilioutunga mwenyewe, na mapambo nikauwekea mwenyewe, ulinikalia kifuani pale barabarani kama mtu. Nikamgeukia mshikaji, nikamwambia kwa sauti ya kujifanya nacheka: ingia wewe, useme ndiye mie.

Kwao ni watu wa kusini, babake anachonga vitanda pale Keko, na yeye hana hofu hizo. Akanitazama akacheka.

"Hizo hadithi za nyie watu wa pwani. Lete raba."

Akaingia na karatasi yangu, akakaa, kiti kikashuka, akatoka na pamba mkononi na raba zangu miguuni. Mie nikarudi nyumbani peku. Mama aliuliza raba ziko wapi, nikasema nimezianika.

Majibu yalikuja mazuri. Mazuri sana, mtoto wa seremala ana figo za chuma. Daktari aliyasoma mara mbili, akasema hakutegemea, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Mama tulipofika nyumbani hakuvua hata kanga ya safari. Alitia udhu, akatandika mkeka, akasali rakaa mbili za kushukuru kwa ajili ya damu yangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni natafuna kitumbua kilichobaki. Nilimsikia. Nilimaliza kitumbua.

Kwa vile damu ilikuwa nzuri, nikapewa masharti ya mtu mzima wa afya. Jioni ninywe mafuta ya nyonyo tumbo lisafike, na kuanzia hapo nisinywe hata tone la maji, maana mwili ukikauka dawa inakolea na picha inatoka safi. Baadaye daktari alinieleza kwamba angejua ukweli, asingeninyima maji hata kidogo, na picha yenyewe angetafuta njia nyingine isiyotumia dawa ile. Yaani karatasi moja ya uongo ilinifanyia mawili. Ilininyima maji, kisha ikaniletea sindano.

Nikalala kwenye meza ya baridi. Sindano ikaingia. Joto likanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, mdomoni nikapata ladha kama nimelamba msumari wenye kutu. Nikamwambia mpiga picha kwamba kama ndiyo soda mpya iliyoletwa mjini, basi wameharibu biashara. Akatabasamu. Akapiga picha, akatoka, akarudi. Akapiga nyingine, akatoka, akarudi, na safari hii hakutabasamu. Tulingoja. Akapiga tena. Alisimama anaitazama ile picha kwenye taa, halafu akaitazama karatasi yangu, halafu mie.

Figo hazikung'aa. Upande mmoja kulikuwa na ukungu kidogo, upande wa pili giza tupu.

Daktari aliposhika vitu viwili vile, picha inayosema hivi na karatasi inayosema vile, alihangaika. Akafikiri labda dawa ilikuwa ndogo kwa mwili wangu. Akasema turudi baada ya siku mbili, tuongeze dawa. Mie nikanyamaza. Ningeweza kusema pale pale. Nilijiambia, kama ni jambo kubwa si ningesikia maumivu?

Ndugu zangu, nawaambia, halina maumivu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Sikuumwa popote. Nilikwenda chooni nikasimama, nikasubiri, hakuna. Nikaenda tena jioni, yakatoka matone kama ya bomba bovu. Kesho yake hata hayo hayakuja. Mwili ulikuwa umenyamaza, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama bila kuaga. Miguu ikajaa, nikibonyeza kidole kwenye kifundo cha mguu shimo linabaki pale linanitazama. Chai ikawa na harufu ya shaba. Kisha ikaja kwikwi.

Darasani walifurahi sana na ile kwikwi. Andazi leo kameza chura. Nikaichezea, nikawa napiga kwikwi kila mwalimu akiuliza swali. Kipindi kikaisha, haikukatika. Mapumziko yakaisha, haikukatika. Nikaona mmoja anaacha kucheka, halafu mwingine, mpaka darasa zima likawa kimya, na mie peke yangu mbele yao nalia hik, hik, kama saa. Mshikaji wangu alikuwa dawati la nyuma. Alikuwa ameshika kichwa.

Nyumbani mama akaniuliza kama nakojoa vizuri. Nikamwambia nimejaza ndoo. Akasema "haya", akaendelea kukuna nazi, lakini polepole.

Siku ya picha ya pili tulikwenda wote wawili. Meza ile ile, baridi ile ile. Safari hii bomba la sindano lilikuwa kubwa zaidi, na dawa ndani yake nzito, haina rangi, imetulia. Daktari alikuja mwenyewe kusimamia. Aliniona nilivyovimba, akakunja uso, akaichukua tena ile karatasi na kuisoma. Mama akamuuliza kama hakuna ubaya kunichoma tena hali niko hivi. Daktari akajibu kwamba kisingekuwa hicho kipimo cha damu, asingethubutu kuigusa hiyo sindano.

Mama akasema, "Alhamdulillahi. Damu yake nzuri."

Alisema kwa fahari, mama zangu. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichonipa yeye. Nikamwona mpiga picha anafunga mpira mkononi mwangu, mshipa unapanda, na kwikwi inanitikisa. Nikatafuta kichekesho. Nilikitafuta kweli, maana siku zote kinakuja chenyewe. Hakikuja.

Nikasema, "Ile damu si yangu."

Walidhani natania. Ndiyo faida ya kuwa mtu wa mizaha. Mpiga picha akaendelea kutafuta mshipa. Nikarudia, nikasema si yangu, ni ya mwenzangu, mie niliogopa kiti. Na sijakojoa tangu sindano ya kwanza.

Daktari aliushika mkono wa mpiga picha. Hakupiga kelele. Alilichukua lile bomba, akaliweka mbali, juu ya kabati, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Akaleta bomba tupu, akanitoa damu mwenyewe, akaniambia nitazame. Nikatazama. Ilikuwa damu tu, nyeusi kidogo. Haikwenda ng'ambo. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Hakunitazama.

Majibu ya kweli yalipokuja daktari hakuyazungusha. Alisema figo zilikuwa zimechoka tangu zamani kwa kichocho, na dawa ile imezilaza. Akasema mashine ya kusafisha damu pale hakuna, wenye uwezo hupelekwa India. Akasema watanipimia maji ya kunywa kwa kikombe, chakula bila chumvi, na kila tone nitakalokojoa lipimwe kwenye jagi. Basi. Mengine yote tungoje.

"Zikiamka, atapona," alimwambia mama. Sentensi ya pili hakuisema.

Nikalazwa. Ndugu zangu, mnaujua msiba kabla haujawa msiba? Watu wanaanza kukusemesha kwa sauti ya chini. Wanakusifia. Mlikuja kule nusu ya kikundi, mkakaa kwenye mikeka nje ya wodi, na mama mmoja ambaye tangu nimezaliwa ananiita shetani mdogo akaniita mwanangu. Hapo nikajua hali mbaya. Mwingine alileta madafu, matatu, yamechongwa vizuri, kwa sababu sote tunajua madafu yanasafisha figo. Na mie kiu ilikuwa imenikausha koo, nikainua lile dafu kwa mikono miwili. Nesi alilipokonya midomoni mwangu. Alieleza kuwa kwenye dafu kuna chumvi yake ambayo figo nzima huitoa, lakini figo zilizolala haziwezi, inajazana mwilini mpaka inausimamisha moyo. Yule mama aliondoka analia. Mama, hukujua, na pia sie wote hatukujua. Leo nakuambia mbele za watu, sina kinyongo, ila nakudai dafu langu moja, nilinywe nikiruhusiwa.

Mdogo wangu alipokuja kunitembelea aliniambia sufuria kubwa zimeletwa nyumbani. Aliona ni jambo la kufurahisha, zimejaa ua mzima. Sufuria za kikundi, zile za kupikia msibani. Nilimuuliza zimekuja kufanya nini. Akasema wamesema wamezileta kuzisugua.

Nililala chali nikazihesabu kichwani, nikazipanga mafigani. Nikajiuliza nani atakuna nazi. Nikajiuliza kama shule watafunga.

Mshikaji alikuja pia. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia, peku, raba mkononi. Mwisho akaja, akazipanga chini ya kitanda changu, visigino pamoja, akasema hataki tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo, yeye ambaye haogopi kitu, kama damu yake ndiyo iliyoniua. Nikamwambia bado sijafa, fala wewe. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka mle ndani, na kwikwi ikatukatisha.

Na mama. Mama alikuja kila siku. Alinifuta uso, alinigeuza, alinipa kile kikombe cha maji kwa vijiko. Alizungumza na daktari, na nesi, na nyie. Kuhusu damu hakuniambia neno. Hakunigombeza, hakulia, hakuuliza kwa nini. Nilingoja anipige hata kofi. Ule ukimya ulikuwa mzito kuliko uvimbe.

Mkojo ulikuja asubuhi moja bila kubisha hodi. Kidogo, mweusi kama chai ya mkandaa, chini kabisa ya jagi. Nesi aliinua jagi kwenye dirisha akasoma alama, akaita mwenzake. Mama akaomba aone. Akalishika lile jagi kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu kama mnavyotazama mtoto wa mtu siku ya arobaini. Kesho yake ukaongezeka. Baada ya hapo ukawa hausimamiki, jagi halitoshi, nesi akaniambia niache sifa. Kwikwi ikakatika, na nilipoishiwa nayo nilikaa kimya nikiisikiliza isivyokuwepo.

Sikupona kama nilivyokuwa kabla. Daktari kasema figo moja imesinyaa na nyingine ndiyo inayobeba, na nitakwenda kliniki maisha. Kidonge cha kichocho nilikimeza mbele yake, akanifunulisha mdomo, akaangalia chini ya ulimi. Sijui nani alimwambia.

Kwa hiyo nawashukuru. Nyie mliopika uji usio na chumvi mkauonja kabla yangu, mkakunja nyuso, mkasema mtamu. Nyie mliokaa kwenye mikeka. Daktari aliyeusimamisha mkono wa mwenzake kwa neno la mtoto muongo. Mshikaji wangu, na mama yake, ambaye naona sasa kainama. Na nawaomba jambo. Mtoto wako, au mzee wako, akiambiwa anachomwa dawa ya picha, semeni kila kitu kwanza. Semeni kama anavimba, kama ana sukari, kama aliwahi kukojoa damu. Mwacheni apimwe damu yake, iliyotoka mwilini mwake, hata kama kiti kinashuka. Na wale wadogo wanaochungulia dirishani, wa kidato cha kwanza: mle hamna mumiani. Nilitunga mie.

Pilau mnayoinusa hapo uani imepikwa kwenye sufuria zile zile. Mlizisugua vizuri. Mie nimepikiwa yangu pembeni, haina chumvi, msinionee huruma sana.

Limebaki moja, kisha nakaa. Juzi nilikwenda kutolewa damu peke yangu, maabara ile ile ya vioo. Nilikaa, kiti kikashuka, nikafumba macho. Nikamletea mama karatasi. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, ilikuwa ya wastani, yenye kasoro zake, na jina langu juu. Alikuwa anaosha mchele wa vitumbua. Akafuta mikono, akaisoma mpaka chini, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake. Kisha akatia udhu, akatandika mkeka, na kabla hajaanza akanigeukia.

Akasema, "Zile rakaa mbili nilimsalia mtoto wa mwenzangu. Kaa hapo nikuone, nisali zako."